Homa ya ini B: kirusi kinachobadilika na ini linalodhurika kimya kimya

Wakaazi wawili wa Kibagabaga, wilayani Gasabo jijini Kigali, wanaweza kupimwa siku moja na kupewa jibu lile lile: wana homa ya ini sugu ya aina B, ugonjwa ambao Kinyarwanda huutaja kwa jina la ini lenyewe, umwijima. Baada ya miaka ishirini, mmoja huenda akawa mzima, na mwenziwe ini limejaa makovu au limeota saratani. Umri wa kuambukizwa, pombe na kuwapo kwa VVU huchangia tofauti hiyo. Kirusi chenyewe nacho kina sehemu yake.

Vinasaba vya kirusi hiki ni vifupi mno, herufi 3,200 hivi, na kimeng'enya kinachovinakili hakisahihishi makosa yake. Kwa karne nyingi makosa hayo yamezaa makundi yanayoitwa kwa herufi A hadi J. Nchini Rwanda, kama kwingineko Afrika Mashariki, limeenea zaidi kundi A, hasa tawi lake A1, ambalo tafiti za Afrika Kusini zimelihusisha na saratani ya ini katika umri mdogo.

Mtego uko hapa. Kirusi hutoa protini iitwayo antijeni E. Ikitoweka katika damu, kwa kawaida ni dalili kwamba kimetulia. Lakini herufi chache zikibadilika, utengenezaji wa antijeni hiyo huweza kupungua au kukoma huku kirusi kikiendelea kuzaliana. Nao wenye A1 huipoteza mapema. Anayeambiwa kwamba E haionekani asidhani amepona; na aulizie kipimo cha wingi wa virusi na cha vimeng'enya vya ini, tena kwa kurudiwa.

Mabadiliko hayo hugusa hata tiba. Lamivudini, iliyotumiwa sana pia kwa VVU, iliwashinda wengi baada ya miaka michache, kwani kirusi kiligeuza pale inaposhika. Kwa tenofoviri usugu ni nadra mno. Hata hivyo hukizuia tu kirusi, haikiondoi. Kuiacha bila daktari kwaweza kuliwasha ini ghafla.

Watoto tisa kati ya kumi wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na ugonjwa sugu. Kwa watu wazima, hawafiki mmoja kati ya ishirini. Chanjo, iliyoingizwa katika ratiba ya watoto wa Rwanda mwaka 2002, hukinga dhidi ya makundi yote. Waliozaliwa kabla ya hapo ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kupimwa.