Hesabu na Kipimo cha Mchele

Katika nchi ya Liberia wako watu waitwao Wakpelle, wakulima wa mpunga. Watoto wao walifundishwa hesabu kwa njia za kigeni, wakakariri wasiyoyafahamu, hata wakadhaniwa kuwa hawana akili ya hesabu. Basi John Gay, aliyefundisha katika Chuo cha Cuttington huko, pamoja na Michael Cole wa Marekani, waliwajaribu watu wa nchi zote mbili. Waliwaonyesha mchele katika bakuli, wakawataka wakisie ni vikombe vingapi. Wakpelle waliikaribia kweli. Wamarekani walikosea sana. Habari hizi zilipigwa chapa mwaka 1967. Nasi walimu twajifunza ya kwamba mtoto huja shuleni na kipimo cha kwao. Tusipokiuliza, twamhukumu kwa kipimo asichokijua.