REKODI HAIKUONI USONI: kwa nini sauti moja ya utulivu haimfai kila mtu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo nalianza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilirekodi sauti ya dakika 12 nikaituma kwenye kundi letu. Wengi mnaikumbuka. Fumba macho, legeza mabega, sikiliza pumzi ikiingia na kutoka, kisha sema Subhanallah polepole. Chini yake nikaandika: "Kila mtu aisikilize kabla ya kulala." Shukrani zilikuja nyingi, nami nikadhani nimepata dawa ya watu wote.

Kisha mama mmoja wa Kimuli, huku Kyerwa, akanipigia simu baada ya Isha. Alikuwa amefiwa na mtoto kwa maradhi ya kifua. Akasema: "Shekhe, ukisema nisikilize pumzi, mimi naisikia ya mwanangu. Moyo unaenda mbio, silali tena mpaka alfajiri. Nimejaribu usiku tisa. Imani yangu ina kasoro gani?"

Usiku tisa, ndugu zangu, kwa sababu shekhe aliandika "kila mtu". Na walikuwepo waliokwisha kumwambia kwamba ni jini, linakimbia dhikri.

Nilimwambia aache kuisikiliza usiku uleule. Halafu nikarudi kwenye historia, nitazame wazee wetu walikuwa wakimpaje mtu dhikri. Niliyoyakuta ndiyo haya.

1. MTUME (S.A.W) ALITAZAMA MTU NA MTU

Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (S.A.W) alipita usiku akamkuta Abu Bakr anaswali kwa sauti ya chini sana, na Umar anaswali kwa sauti ya juu. Walipokutana aliwauliza, na kila mmoja alikuwa na sababu yake njema. Abu Bakr alisema anayemnong'oneza anamsikia. Umar alisema anawaamsha wenye usingizi na kumfukuza shetani. Basi Abu Bakr akaambiwa apandishe kidogo, na Umar akaambiwa ateremshe kidogo. Usiku ulikuwa mmoja na Qur'ani ni ileile, lakini maelekezo yalikuwa mawili, kwa sababu watu walikuwa wawili.

Na katika Bukhari na Muslim kuna habari ya kamba. Mtume (S.A.W) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bibi Zaynab, anaishika akichoka katika swala. Akaamuru ifunguliwe, mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Mama wa Kimuli alikuwa ameishika kamba yangu usiku tisa, na mimi ndiye niliyeifunga.

2. IMAM GHAZALI NA TABIBU

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliyajua maradhi ya moyo kwa kuyapitia. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, na ulimi wake ukafungwa asiweze kusomesha. Chakula hakikupita. Matabibu wakasema chanzo kiko moyoni. Mtu huyo ndiye aliyeandika katika Ihya kwamba tabibu akiwatibu wagonjwa wote kwa dawa moja atawaua wengi wao, na kwamba shekhe naye akiwapa wanafunzi wote zoezi moja ataziangamiza nyoyo zao. Shekhe hutazama umri wa mtu, tabia yake, maradhi yake na kile mwili wake unachoweza kubeba, ndipo ampe.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasomesha mara nyingi. Siku niliyoshika simu kurekodi, sikuyakumbuka.

3. KWETU, ELIMU ILIKUJA KWA MIGUU

Msidhani haya ni ya Baghdad tu. Katika nchi hii ya Karagwe ya zamani, ambayo Kyerwa ilikatwa kutoka wilaya yake mwaka 2012, Uislamu ulipita kwa miguu ya watu. Kafuro palikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani kwa njia ya Tabora. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, watu wa pwani walikuwa wameshazoeleka hapa.

Mmoja wao alikuwa Ahmed bin Ibrahim. Huyu anatajwa kuwa wa kwanza kuufikisha Uislamu Buganda, mwaka 1844, kwa Kabaka Suna. Inasimuliwa kwamba Kabaka alipoamuru watu wauawe, Ahmed alisimama akasema watu hawa wana Muumba wao. Kabaka hakukasirika. Aliuliza huyo Muumba ni nani, na mazungumzo yakaendelea kikao baada ya kikao. Mwaka 1876 Stanley alimkuta Kafuro mzee wa Kiarabu mwenye jina hilo, na wanahistoria wengi wanaona ndiye huyohuyo. Mtazameni mwalimu huyo. Alianza na lililokuwa mbele ya macho ya mwanafunzi wake siku ile, akangoja swali, kisha akajibu.

Pwani nako mambo yalikwenda hivyo. Shekhe Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, aliieneza Qadiriyya kutoka Barawa mpaka Unguja na bara. Shekhe Muhammad Maaruf wa Moroni, aliyefariki mwaka 1905, aliieneza Shadhiliyya. Bagamoyo alikuwepo Shekhe Yahya bin Abdallah, maarufu Shekhe Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa, akawa shekhe mkubwa wa Qadiriyya mpaka alipofariki mwaka 1931.

Najua baina yenu wapo wanaokubali twarika na wapo wasiokubali, na ubishi huo sitaufungua hapa. Natazama jambo moja tu. Kwa mashekhe wale, nyiradi za baada ya swala zilikuwa za wote. Lakini kilichozidi hapo, hesabu ndefu na kukaa faragha, kilitolewa kwa idhini. Mtu alikuja, akakaa mbele ya shekhe, akatazamwa usoni. Alipoelemewa alirudi kusema, na shekhe akampunguzia.

4. KASETI NA SIMU

Sasa rekodi hizi za kutafakari zimetoka wapi? Mwaka 1979, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha darasa la kupunguza msongo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Wagonjwa walipewa kaseti za kufanyia mazoezi nyumbani. Lakini kaseti haikwenda peke yake, kwani walikutana na mwalimu kila wiki. Miaka ilivyokwenda darasa likabaki nyuma, kaseti ikasonga mbele. Headspace ilianzishwa mwaka 2010, Calm mwaka 2012, na leo sauti inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hakuulizwa hata jina.

Wataalamu wenyewe wameliona tatizo. Mwaka 1983, Heide na Borkovec walionyesha kwamba baadhi ya watu wenye wasiwasi wa kudumu, wakifundishwa kujilegeza, wasiwasi wao unazidi. Mwaka 2017, Lindahl na Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha habari za watafakari wapatao 60 wa nchi za Magharibi. Miongoni mwao wapo waliopata hofu, wapo waliokosa usingizi, wapo waliorudiwa na machungu ya zamani. Utafiti ule hausemi watu wa namna hii ni wangapi kati ya wote. Unasema wapo, na kwamba si kwa uvivu wao.

Sababu haihitaji jini. Mwenye hofu akiambiwa asikilize kifua chake, anasikia mapigo. Akiyasikia anaogopa, akiogopa yanazidi. Mwenye msiba akifumba macho, anaona alichokuwa anakikimbia mchana kutwa. Mwalimu aliye mbele yake angeona mikono inatetemeka, akasema, "Mama, basi, fungua macho tutoke nje." Rekodi inaendelea kusema "tulia".

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, rekodi ikikufaa, itumie bila hofu. Wapo inaowasaidia, na siwanyang'anyi.

Pili, isipokufaa, iache leo. Usijihukumu kwa imani. Utulivu wa moyo kwa kumkumbuka Allah, uliotajwa katika Surat Ar-Ra'd aya ya 28, haukufungwa na sharti la kufumba macho wala kuhesabu pumzi. Na Surat Aal Imran aya ya 191 imewasifu wanaomkumbuka Allah wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala kwa ubavu.

Tatu, usibaki peke yako na sauti. Tafuta mtu anayekuona: mwalimu wako, jirani, mama mkwe. Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, nenda hospitali. Kutafuta tiba ni Sunna.

Na nne ni kwetu masheikh. Kabla hatujaandika "kila mtu", tuulize kwanza nani anasikiliza.

Mama yule sasa anafanya dhikri akiwa shambani, macho wazi, akichuma kahawa pamoja na mkwewe. Hahesabu. Ameniambia analala, si kila siku, lakini analala. Rekodi yangu nimeifuta kwenye kundi. Mwenye kuihifadhi, namuomba asiitume tena kwa mtu asiyemjua hali yake.

Allah amrehemu mtoto wake, amfanye kitangulizi kwa wazazi wake, na atusamehe sisi tunaofundisha tulipokosea. Amin.

Wallahu a'lam.