Heysel 1985: waliohukumiwa ni 14, walioadhibiwa ni wote

Zamu ya historia imefika tena, na safari hii tumechukua mpira. Magoli tutayaacha kwa wanaobishana pale kibanda umiza. Sisi tunaandika juu ya mashabiki waliosafiri kwenda kuangalia mechi nchi ya watu, wakafanya fujo, watu wakafa, na baadhi yao wakaishia mahakamani ugenini. Tumeichagua habari hii kwa sababu kila mara timu za zoni mbili zikigombana hapa kambini, swali linalobaki ni lile lile: aadhibiwe aliyerusha jiwe, au wafungiwe wote wa upande wake?

Ilikuwa Jumatano, tarehe 29 Mei 1985, mjini Brussels, Ubelgiji. Fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Liverpool ya Uingereza na Juventus ya Italia. Uwanja uliitwa Heysel, ulikuwa na umri wa miaka 50 na zaidi, na ulikuwa umechakaa vibaya. Ukuta wa nje ulikuwa wa matofali mepesi, watu wasio na tiketi waliutoboa kwa mateke wakaingia. Kiongozi mmoja wa Liverpool alikuwa ameshawaomba UEFA mapema wahamishe mechi. Hawakuhamisha.

Nyuma ya goli moja jukwaa liligawanywa. Sehemu X na Y walipewa Waingereza. Sehemu Z, iliyopakana nao, iliwekwa kwa ajili ya Wabelgiji wasiokuwa na upande. Lakini tiketi za Z ziliuzwa pale pale Ubelgiji, na Ubelgiji ilikuwa na Waitaliano wengi sana, watu ambao wazazi wao walihamia kuchimba makaa ya mawe baada ya vita vya pili vya dunia. Basi Z ikajaa mashabiki wa Juventus, wengi wao watu wa familia zao, baba na mtoto wake. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na uzio mwepesi wa waya na polisi wachache tu.

Kuna jambo la nyuma yake. Mwaka mmoja kabla, 1984, Liverpool walichukua kombe hilo hilo Roma, kwa kuifunga timu ya Roma nyumbani kwake, na baada ya mechi mashabiki wao walishambuliwa barabarani. Wengi walioandika juu ya Heysel wanasema kuna Waingereza waliokuja Brussels bado wana hasira ya Roma. Hebu angalieni hapo. Juventus ni timu ya Turin, mji mwingine kabisa, na wenyewe hawapatani na Roma. Lakini kwa mtu mwenye hasira, Mwitaliano ni Mwitaliano tu. Sisi tunaijua hesabu hiyo, maana tumeshahesabiwa hivyo mara nyingi.

Kama saa moja kabla ya mpira kuanza, baada ya kurushiana vitu, kundi la mashabiki wa Liverpool liliuangusha uzio na kuwakimbilia watu wa Z. Watu wa Z walikimbilia pembeni, wakabanana kwenye ukuta, na ukuta ukaanguka. Walikufa watu 39: Waitaliano 32, Wabelgiji 4, Wafaransa 2 na mmoja wa Ireland ya Kaskazini. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 11. Waliojeruhiwa walikuwa kama 600. Na mechi ilichezwa! Wakubwa waliogopa kwamba wakiahirisha, fujo itatoka nje mpaka mjini. Juventus walishinda 1-0, penalti ya Michel Platini. Tumejaribu kuielewa sababu yao, lakini bado tunaona vigumu mtu kushangilia goli wakati maiti zimelazwa nje ya uwanja.

Adhabu ya kwanza ilikuja mbio. Waziri Mkuu Margaret Thatcher alikishinikiza chama cha mpira cha Uingereza, nacho kikaziondoa timu zake kwenye mashindano ya Ulaya. Tarehe 2 Juni, siku 4 tu baada ya vifo, UEFA ikafungia timu zote za Uingereza bila kutaja mwisho. Zilirudi msimu wa 1990, Liverpool yenyewe mwaka mmoja baadaye.

Timu zote, yaani hata zile ambazo hazikufika Brussels. Everton ni majirani wa Liverpool, ukitoka uwanja mmoja unakatiza bustani ya Stanley Park unafika mwingine. Wiki mbili kabla ya Heysel, Everton walichukua Kombe la Washindi kule Rotterdam kwa kuwafunga Rapid Vienna 3-1, na msimu huo huo walikuwa mabingwa wa ligi. Walikuwa na haki ya kucheza Klabu Bingwa mwaka uliofuata. Hawakucheza. Norwich City, timu ndogo, walikuwa wamepata nafasi ya kwanza katika historia yao kwenda Ulaya. Na wao hivyo hivyo.

Ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, hapa tunawaomba mtulie kidogo. Ugomvi ukitokea kwenye mechi na uwanja ukafungwa kwa wote, wanaoumia kwanza ni watoto wa shule na timu ya wasichana, ambao siku ile hawakuwepo kabisa. Tunajua kufunga geti ni kazi ya dakika moja, na kumtafuta aliyefanya ni kazi ya wiki nyingi.

Ubelgiji walifanya hiyo kazi ya pili. Polisi walizipitia picha za televisheni na za magazeti, sura moja baada ya nyingine, na polisi wa Uingereza wakasaidia kuwatafuta wenye sura hizo nyumbani kwao. Ubelgiji ikaomba wapelekwe kushtakiwa kwake. Mawakili wao walipinga, na kesi ya kama wapelekwe au wasipelekwe ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Septemba 1987 zaidi ya watu 20 walisafirishwa kwenda Ubelgiji. Kesi yenyewe ilianza Oktoba 1988, na hukumu ilitoka tarehe 28 Aprili 1989, karibu miaka 4 baada ya vifo. Watu 14 walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Walipewa miaka 3, na nusu yake ikaahirishwa. Wengine waliachiwa.

Miaka 3 na nusu yake haitumikiwi, kwa watu 39. Ukiwa ni baba wa yule mtoto wa miaka 11, utaona ni dharau. Lakini mahakama hiyo ilifanya jambo ambalo UEFA haikulifanya: ilimwangalia kila mmoja na kuuliza wewe ulikuwa wapi, ulifanya nini. Tena haikuishia kwa vijana wa jukwaani. Mkubwa wa shirikisho la mpira la Ubelgiji na afisa wa polisi aliyesimamia ulinzi wa sehemu ile nao walipatikana na hatia, wakapewa vifungo vya nje. Familia za Italia zilikuwa zimeunda chama chao, hazikuchoka, na kwenye rufaa katibu mkuu wa UEFA naye akaguswa. Maana uwanja mbovu haukuchaguliwa na walevi.

Sasa tazameni tarehe. Siku 13 kabla ya hukumu hiyo, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, nchini kwao wenyewe. Waliokufa ni 97, tukihesabu na waliofariki miaka ya baadaye kwa majeraha. Polisi walisema mashabiki walilewa na kuvamia, gazeti la The Sun likachapisha uongo mkubwa juu yao, na watu wengi wakaamini bila taabu. Kwa nini wasiamini? Si ndio wale wale wa Heysel! Ilichukua mpaka Aprili 2016 jopo la uchunguzi wa vifo kutamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 wazazi wanasafisha majina ya watoto wao waliokufa.

Uingereza nayo ilibadilisha sheria zake. Kwenye Euro 2000 Waingereza zaidi ya 900 walikamatwa Ubelgiji, wengi wakarudishwa kwao bila kushtakiwa. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria inayoruhusu mahakama kumzuia mtu kusafiri kwenda kwenye mechi na kumwamuru asalimishe pasipoti yake mpaka mashindano yaishe. Sisi tunaoomba kibali hata kwa kwenda hospitali mjini tulicheka kidogo tuliposoma hilo, halafu tukaacha kucheka, kwa sababu sheria hiyo inaweza kumshika hata mtu ambaye hajahukumiwa kwa kosa lolote.

Tumalizie na kesi moja ndogo. Mei 2005 Liverpool walichukua kombe Istanbul. Kundi la mashabiki lilipita Bulgaria kupumzika ufukweni karibu na mji wa Varna, na usiku mmoja mhudumu wa baa alipigwa kichwani kwa jiwe, fuvu likapasuka. Kijana wa miaka 18 kutoka Liverpool alikamatwa. Alisema alikuwa hotelini amelala. Mashahidi walisema ni yeye, na ndani ya miezi miwili alihukumiwa miaka 15 kwa kujaribu kuua. Mtu mwingine wa Liverpool aliandika kwamba ni yeye aliyerusha jiwe, halafu akayakana maneno yake. Rufaa ikapunguza kifungo kuwa miaka 10, akahamishiwa gereza la Uingereza mwaka 2006, na mji mzima ukaendelea kumpigania, mashabiki wa Everton wakiwemo. Septemba 2009 waziri wa sheria wa Uingereza, Jack Straw, alimpa msamaha akisema ameridhika kwamba hakufanya kosa lile.

Alikaa ndani zaidi ya miaka 4. Yule mhudumu wa baa alipona kwa shida, na kwa jiwe lile hakuna mtu mwingine aliyehukumiwa.