Kutoka Msibani Hadi Sandukuni

Anayetaka kujua vikundi vya wanawake wa Nyakasimbi vilitoka wapi asianzie ofisi ya maendeleo ya jamii. Aanzie msibani. Katika kata hii ya wilaya ya Karagwe, kama ilivyo kwingineko mkoani Kagera, mtu akifariki wanawake wa jirani hawaji mikono mitupu. Huyu ana mkungu wa ndizi kichwani, yule mzigo wa kuni, mwingine ndoo ya maji na maharage ndani ya kikapu. Wanaingia jikoni bila kuelekezwa, wanamenya, wanapika, wanaosha vyombo, na mfiwa hashiki kitu. Kwa Kinyambo, lugha ya Wanyambo wa Karagwe, kusaidia ni okujuna. Kwa jirani zao Wahaya, mzizi huohuo umezaa neno bujuni, jina la vikundi vya kuzikana.

Kazi hiyo haikuwahi kuhesabiwa kuwa maendeleo. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika chini ya Bibi Titi Mohamed, wanawake wa vijijini walipata chombo cha kitaifa, lakini utaratibu wa nani alete nini, na nani hakuonekana mara ya mwisho, walikuwa nao tayari.

Halafu ukaja ugonjwa. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata misiba ikafuatana kiasi kwamba utaratibu wa zamani ulielemewa. Zamani mwenye msiba wa leo alikuwa msaidizi wa kesho. Sasa nyumba ileile ilizika baba, kisha mama, ikabaki na bibi na wajukuu. Kubeba kuni hakukutosha tena. Palihitajika sare za shule, sabuni, mtu wa kulima, na fedha taslimu. Na fedha haiwekwi kichwani kama zamu ya kupika, inataka daftari.

Shida nyingine ilikuwa ardhi. Mjane aliyefarijiwa na majirani siku ya kuzika angeweza, matanga yakiisha, kuambiwa na shemeji kwamba kibanja, yaani shamba la migomba, ni cha ukoo. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Kesi iliyoutikisa ukuta huo ilianzia hapohapo Kagera. Mwaka 1988 Holaria Pastory wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake Bernardo Ephraim akamshtaki. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi mpwa, ya wilaya ikamrudishia Holaria haki yake, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akasema ubaguzi huo haupatani na Hati ya Haki za Binadamu iliyomo kwenye Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaagiza kuwa baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, 3 kati yao wakiwa wanawake. Hilo lilikuwa badiliko kubwa: mjane aliyezoea kutetewa jikoni sasa angeweza kumkuta mwanamke mwenzake mezani shauri linaposikilizwa.

Kuhusu fedha, njia ilitoka mbali. Mwaka 1991 wanawake wa Maradi, nchini Niger, walianza na shirika la CARE mtindo wa kuweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Ulifika Zanzibar, ukavuka hadi bara, na Watanzania wakauita VICOBA, yaani benki za kijamii vijijini. Chombo chake kikuu ni sanduku la bati lenye kufuli 3, kila ufunguo kwa mtu wake, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Halifunguki mpaka wote wakutane. Hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake kwa kidole. Katika nchi ambamo mwanamke huchuma kahawa na mara nyingi mume ndiye hupokea malipo, mihuri hiyo ni mali iliyoandikwa kwa jina lake.

Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, kisha ikairejesha mwaka 2024. Waliokuwa na sanduku lao waliendelea kukopeshana.

Ndani ya sanduku kuna mfuko wa pembeni, mfuko wa jamii, ambao hauchanganywi na hisa wala hautozwi riba. Kila kikao kila mmoja hutia kiasi kilekile kidogo. Unatoka kwa ugonjwa na kwa msiba. Na siku unapotoka kwa msiba, wanachama huupeleka nyumbani kwa mfiwa pamoja na ndizi, kuni na maji.