Vikwazo vya Marekani dhidi ya Sudani na Upatikanaji wa Huduma za Wingu, 1997–2020

Tarehe 3 Novemba 1997 Rais Bill Clinton alitia saini Amri Na. 13067, iliyopiga marufuku kupeleka Sudani bidhaa, teknolojia na huduma kutoka Marekani. Wakati huo huduma za wingu, yaani kuhifadhi data na kuendesha programu katika kompyuta za mbali kupitia intaneti, zilikuwa hazijawa biashara kubwa. Amazon ilianza kukodisha kompyuta zake kwa njia hiyo mwaka 2006. Neno “huduma” ndilo lililozinasa baadaye. (Gundi ya mgunga, iliyohitajiwa na viwanda vya vinywaji vya Marekani, iliachiwa njia.)

Athari zake zilidhihirika Januari 2014, Coursera, kampuni ya Marekani inayotoa masomo kwa intaneti, ilipowafungia wanafunzi waliokuwa Sudani, Irani na Kuba. Kigezo hakikuwa uraia bali anwani ya intaneti ya kompyuta. Kwa mantiki hiyo, Mkenya aliyekuwa Khartoum alifungiwa, ilhali Msudani aliyekuwa Nairobi aliweza kuendelea kusoma.

Tarehe 17 Februari 2015 Wizara ya Fedha ya Marekani ililegeza kanuni na kuruhusu programu na huduma za mawasiliano binafsi. Vikwazo vikuu vya biashara viliondolewa tarehe 12 Oktoba 2017. Anayeisoma historia hii kwa kufuata amri peke yake huishia hapo. Kwa maoni yangu, huko ni kuishia mapema. Huduma nyingi za wingu hulipiwa kwa kadi, na nyuma ya kadi pana benki. Juni 2014 benki ya BNP Paribas ya Ufaransa ilikiri kosa la kupitisha miamala ya dola kwa ajili ya Sudani, Irani na Kuba, ikakubali kulipa takriban dola bilioni 8.9. Benki nyingine hazikulisahau jambo hilo. Hata baada ya 2017 nyingi zilisita kurejesha uhusiano na benki za Sudani, hasa kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa bado katika orodha ya Marekani ya mataifa yanayofadhili ugaidi, ilimowekwa mwaka 1993. Hivyo mtaalamu wa programu wa Khartoum aliruhusiwa kisheria kununua huduma asiyokuwa na njia ya kuilipia. Sudani iliondolewa katika orodha hiyo tarehe 14 Desemba 2020, na ndiyo sababu utafiti huu unaishia mwaka huo, si 2017.