Wanyama na Mbuga katika Uchoraji wa Katanga

Kambi ya kijeshi ya Kamina, huko Katanga nchini Kongo, iliyojengwa na Ubelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliingia mikononi mwa Umoja wa Mataifa mwaka 1960, baada ya nchi kupata uhuru. Kwa muda mrefu eneo hili limejulikana zaidi kwa ndege za kivita kuliko kwa nyati na ndege wa mabwawa ya Upemba, bonde la maziwa na matete linalolishwa na mto Lualaba. Hata hivyo, Katanga ilikuwa na wachoraji waliouchukulia ulimwengu huo kwa uzito wote.

Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alianzisha mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar, ambamo hakutaka wanafunzi waige michoro ya Ulaya. Miongoni mwao, Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, huku akijaza uwanja wa nyuma kwa nukta na majani hata pasibaki nafasi tupu. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Naye Mwenze Kibwanga alijenga miili ya wanyama na watu kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba, na huenda ni yeye aliyeonyesha kwa nguvu kuliko wenzake mwendo wa mnyama anayekimbia. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, wachoraji hao waliendelea na kazi.