Ubeberu katika Machakos

Ubeberu ni mfumo ambao dola yenye nguvu huieneza mamlaka yake juu ya nchi nyingine, kwa silaha, biashara au mikataba, ili imiliki ardhi, kazi na mali ya wenyeji. Machakos, mji wa Ukambani unaoitwa kwa jina la kiongozi wa Wakamba, Masaku, ulikuwa miongoni mwa makao ya kwanza ya utawala wa Waingereza mbali na pwani ya Kenya.

Chanzo

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilitafuta kituo cha chakula kwa misafara iendayo Uganda, nchi iliyowaniwa pia na Wajerumani, ikajenga ngome Machakos mwaka 1889 na kumweka John Ainsworth kuwa msimamizi mwaka 1892. Huko Mutituni watu wa kampuni walikata mti wa ithembo, yaani mahali patakatifu pa matambiko, wapate mlingoti wa bendera, na wenyeji, wakiongozwa na mwanamke aliyeitwa Syonguu, walipinga ufidhuli huo. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilishika hatamu, na reli ilipopita kando ya mji, makao ya mkoa yalihamishiwa Nairobi mwaka 1899.

Mbinu za utawala

Kodi ya kibanda iliwalazimu wanaume kutafuta ajira ya fedha, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuvaa kipande, hati ya utambulisho iliyomfunga kwa mwajiri. Mashamba ya vilima vya Mua yalipewa walowezi.

Mgogoro wa mifugo, 1938

Wakamba waliobanwa ndani ya hifadhi, eneo lililotengwa kwa Waafrika, walilaumiwa kwa mmomonyoko wa udongo ambao ufinyu huo wenyewe uliuzidisha. Serikali iliamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu, ikakamata ng'ombe na kuwanadi kwa bei duni, huku kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari, akiba na kinga ya njaa, kwa hiyo kumnyang'anya ng'ombe kulikuwa kumvunjia nyumba.

Muindi Mbingu na wenzake wa Chama cha Wanachama wa Ukamba waliwakusanya watu, na mwishoni mwa Julai 1938 umati wa wanaume, wanawake na watoto ulikwenda Nairobi, ukapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, ukidai kumwona Gavana Robert Brooke-Popham, na haukutawanyika alipokataa. Ustahimilivu huo uliitia hofu serikali, kwa kuwa Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha upunguzaji wa lazima uliachwa: ushindi wa nadra wa raia wasio na silaha dhidi ya dola.

Athari

Baada ya Vita Kuu ya Pili matuta, yaani kingo za udongo za kuzuia maji, yalichimbwa kwa amri, ingawa baadaye wakulima waliyaendeleza kwa hiari yao. Jina la Muindi Mbingu limepewa mtaa katikati ya Nairobi.